Bwana Berson na Upepo wa Juu

Nataka kuwasimulieni habari za Bwana Arthur Berson, mpima hewa, aliyezaliwa mwaka 1859 katika nchi ambayo sasa ni Poland. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na Bwana Süring walipanda kwa baluni kutoka Berlin hata mita 10,800. Wote wawili walizimia, wakanusurika. Mimi ningekoma hapo.

Mwaka 1908, zama za Wadachi, alikuja Ziwa Victoria, akarusha baluni zilizochukua vyombo vya kupimia tu. Wataalamu waliamini kuwa juu kabisa ya ikweta upepo hutoka mashariki, kwa kuwa majivu ya Krakatoa, mwaka 1883, yalipeperushwa kuelekea magharibi. Lakini Berson, yapata kilometa 20 juu, akakuta upepo utokao magharibi! Nani mkweli? Wote.

Alifariki Berlin mwaka 1942 asijue sababu. Mwaka 1961 ilibainika kuwa pepo hizo hupokezana, mzunguko mmoja yapata miezi 28. Mawingu makubwa ya radi ya nchi za joto, kama yale tunayoyaona Mbangala wakati wa mvua, huitikisa hewa kama jiwe litupwalo bwawani. Mawimbi yake hupanda, huvunjika huko juu, na nguvu zake huusukuma upepo, mara upande huu, mara upande ule.