Maisha ya Palestrina, Mwalimu wa Waimbaji

Tangu misioni ya Nyegina ilipoanzishwa mwaka 1911, Wakristo wa nchi hii ya Mara wamemsifu Mungu kwa nyimbo. Kwa hiyo katika yubilei hii twapenda kuwakumbusha walimu wa kwaya wa Musoma, Bunda na Butiama habari za mtu ambaye nyimbo zake zaimbwa hata leo katika Juma Kuu na Pasaka.

Jina lake ni Giovanni Pierluigi, naye huitwa Palestrina kwa jina la mji wake karibu na Roma, alikozaliwa yapata mwaka 1525. Alipokuwa mtoto aliimba Roma, katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Mwaka 1544 akawa mpiga kinanda na mwalimu wa waimbaji mjini kwao, kisha akamwoa Lucrezia. Askofu wake alipokuwa Papa Julius III, akamwita Roma. Na mwanzo wa mwaka 1555 akamtia katika kwaya ya kikanisa cha Papa mwenyewe.

Mwaka huohuo Papa Julius akafa, akafuata Marcellus II. Siku ya Ijumaa Kuu Marcellus aliwaita waimbaji, akawaagiza waimbe kwa namna ipasayo siku ile ya huzuni, na maneno yasikike. Maana desturi ya siku zile ilikuwa sauti nne, tano au sita kupishana, hata maneno yakapotea. Lakini Marcellus alifariki baada ya majuma matatu, na Papa Paulo IV hakukubali waimbaji wenye wake. Palestrina na wenzake wawili wakaondolewa.

Hakuiacha kazi. Katika kanisa la Laterani alitunga nyimbo za Ijumaa Kuu, ambazo ndani yake Mwokozi awauliza watu wake kwa nini wamesahau wema wake. Sauti zatembea pamoja, pole pole, na kila neno lasikika. Mwaka 1560 Papa Pius IV alitaka nakala yake. Hivyo nyimbo zikaingia mahali alipofukuzwa mtunzi. Na Misa yake ya sauti sita, iliyopigwa chapa mwaka 1567, aliiita kwa jina la Papa Marcellus.

Kisha msiba ukamfuata msiba. Kati ya mwaka 1572 na 1580 maradhi ya kuambukiza yaliwachukua wanawe wawili, ndugu yake na Lucrezia. Hata hivyo alizidi kutunga: Misa zake zapita 100. Alifariki tarehe 2 Februari 1594, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Petro.

Basi, enyi walimu, mnapowafundisha waimbaji wenu nyimbo za Pasaka, kumbukeni agizo lile la Ijumaa Kuu. Sauti nzuri ni zawadi. Lakini mkulima aliyeketi nyuma kabisa asiposikia maneno, wimbo haujamfikia.