Whitworth: Fundi aliyezipa bolti meno ya aina moja

KATI ya vitu vinavyompotezea mkulima fedha bila yeye kuvihesabu, bolti ni kimojawapo. Pampu ya kumwagilia inapoanza kuvuja kwenye flenji wakati mahindi yanatoa mbelewele, hasara si bei ya bolti. Hasara ni siku ambazo shamba linakaa bila maji huku ikitafutwa bolti inayoingiana na nati.

Hasara hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama si kazi ya Mwingereza mmoja aliyeitwa Joseph Whitworth.

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803 mjini Stockport, Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 14 alipelekwa katika kiwanda cha pamba cha mjomba wake ajifunze biashara. Biashara haikumvutia kama mashine, hivyo aliondoka akawa fundi mjini Manchester. Baadaye alikwenda London kufanya kazi kwa Henry Maudslay, fundi aliyesifika kwa usahihi wa vipimo. Mwaka 1833 alirudi Manchester na kufungua karakana yake.

Wakati huo kila karakana ilikata meno ya bolti kwa namna yake. Bolti ikipotea, mwenye mashine alilazimika kurudi kwa aliyeitengeneza, au kulipia nyingine ichongwe upya. Kwa lugha ya uchumi, mnunuzi alikuwa amefungwa kwa muuzaji mmoja.

Whitworth alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima na kutafuta wastani. Mwaka 1841 alipendekeza mbele ya taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza kwamba pembe ya meno iwe nyuzi 55, na kila unene wa bolti uwe na idadi yake ya meno. Bolti ya nusu inchi ilipewa meno 12 kwa kila inchi, na ya inchi moja meno manane. Kampuni za reli ziliukubali utaratibu huo, na nchi nzima ikafuata. Bolti ikawa bidhaa ya kununuliwa dukani.

Hata hivyo, meno sahihi hayatoshi kama chuma chenyewe ni kibovu. Whitworth alilijua hilo alipoanza kutengeneza mizinga. Aliona kuwa chuma cha pua kigumu sana hupasuka ghafla, wakati kile chenye kunyumbulika huvimba kwanza na kutoa onyo. Alikichagua cha pili, na akabuni njia ya kukikandamiza kingali kimiminika ili kuondoa matundu ya hewa ndani yake.

Somo hilo linahusu flenji ya pampu yako. Bolti inapokazwa huvutika kidogo, kama mpira wa manati. Nguvu yake ya kutaka kurudi ndiyo inayobana flenji na gasketi. Bolti ya chuma laini ikizidiwa hurefuka moja kwa moja, mbano unapungua na maji yanatoka.

Kwa sababu hiyo, angalia namba iliyopigwa kwenye kichwa cha bolti za milimita. Namba 4.6 ni ya kazi nyepesi: huhimili nyutoni 400 kwa milimita moja ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kurefuka moja kwa moja kwenye 240. Namba 8.8 huhimili 800, na huanza kurefuka kwenye 640. Lakini usikimbilie iliyo ngumu kuliko zote. Ukiikaza kwa nguvu yake yote, unaweza kupasua flenji ya chuma cha kusubu au kuharibu gasketi. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, na kaza kwa mikupuo, ukivuka upande hadi upande wa pili.

Aidha, usilazimishe nati. Bolti ya nusu inchi ya Kimarekani ina meno 13, moja zaidi ya ile ya Whitworth. Nati huingia mizunguko michache kisha hukwama, na anayeongeza nguvu ya spana huharibu vyote viwili.

Mwaka 1868 Whitworth alitenga fedha za kuwasomesha vijana 30 uhandisi, kila mmoja pauni 100 kwa mwaka. Alifariki Januari 22, 1887 mjini Monte Carlo bila kuacha mtoto, na mali yake nyingi ikaenda kwenye shughuli za umma.

Bolti nyingi za leo ni za milimita, zenye pembe ya nyuzi 60. Lakini mabomba ya maji ya chuma tunayofunga mashambani bado yana meno ya nyuzi 55. Mkulima anayenunua kiungo cha bomba mjini na kukuta kinaingia sawasawa kwenye bomba lililofungwa miaka mingi iliyopita, bado anafaidi kazi ya fundi huyo.