M'siri: Mfalme wa shaba wa Katanga aliyefia kwenye upanga wa zawadi

Treni na malori ya shaba yanayopita Tenke, katika teritwari ya Lubudi, jimbo la Lualaba, husafirisha mali ambayo watu wa eneo hili waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla ya reli kufika. Katika teritwari hiyohiyo ipo Bunkeya, mji uliokuwa makao makuu ya mtu aliyeitawala shaba hiyo kwa zaidi ya miaka 30: Mwami M'siri.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa karibu mwaka 1830 magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, katika jamii ya Wasumbwa, jirani za Wanyamwezi wa Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri hadi Katanga kununua shaba, na kijana huyo akaifahamu njia hiyo mapema.

Katikati ya miaka ya 1850, Ngelengwa alirudi Katanga na kundi la wafuasi wake, akaamua kutoondoka tena. Wageni hao wakaja kuitwa Bayeke.

Bunduki chache, ufalme mkubwa

Wenyeji wa nchi yenye madini walikuwa Basanga na majirani zao. Walikuwa mafundi wa shaba waliojulikana kote Afrika ya kati kwa vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha.

M'siri hakuja na jeshi kubwa. Alikuja na bunduki, silaha ambayo wakati huo ilikuwa adimu sana katika eneo hilo. Aliwasaidia Basanga dhidi ya wavamizi wa Kiluba, akaoa katika koo za machifu, na hatua kwa hatua mgeni akageuka mwenye nyumba. Ufalme wake ukaitwa Garenganze.

Nguvu yake ilitokana na biashara ya pande mbili. Misafara yake ilifika pwani ya Bahari ya Hindi upande wa mashariki na nchi ya Angola upande wa magharibi. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilitoka. Baruti, bunduki na nguo zikaingia. Mmoja wa wake zake mashuhuri, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Angola na alikuwa na asili ya Kireno.

Bayeke pia walileta ufundi wa kuvuta nyaya za shaba, na risasi zilipokosekana walitengeneza za shaba.

Lakini utawala wake ulikuwa mzito. Wazungu waliofika Bunkeya walieleza kuona mafuvu ya watu juu ya miti ya uzio wa ikulu. Ushuru na biashara ya watumwa viliwachosha Basanga, na mwaka 1891 wakaasi. Uasi huo ulimdhoofisha mfalme wakati mbaya kuliko wote.

Wageni watatu, bendera mbili

Mmisionari Frederick Stanley Arnot alifika mwaka 1886 na kupokewa vizuri. Novemba 1890 alikuja Mwingereza Alfred Sharpe akitaka mkataba kwa faida ya kampuni ya Cecil Rhodes. M'siri alikataa. Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Naye hakupata saini, ingawa aliruhusiwa kuacha kituo Lofoi.

Baadaye M'siri alibadili mawazo na kumwandikia Sharpe arudi. Barua hiyo ilinaswa njiani na William Stairs, nahodha mzaliwa wa Canada aliyekuwa akiongoza msafara wa Leopold kutoka pwani, wengi wa watu wake wakiwa askari na wapagazi kutoka Zanzibar.

Stairs alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Kama ilivyo desturi, alimpa mfalme zawadi, ukiwemo upanga. Mazungumzo yalikwama kwa sababu M'siri hakukubali bendera ya Leopold ipandishwe katika nchi yake. Stairs akaipandisha bila ruhusa, na usiku M'siri akahamia kijiji cha Munema, nje kidogo ya mji.

Asubuhi ya Munema

Tarehe 20 Desemba, Stairs aliwatuma maofisa wawili, Mbelgiji Omer Bodson na Mfaransa Christian de Bonchamps, pamoja na askari wapatao 100 kwenda kumkamata. Bodson aliingia ndani ya kijiji na askari wachache.

Kwa mujibu wa masimulizi ya watu wa msafara, M'siri alisimama kwa hasira na kuuchomoa upanga uleule aliopewa na Stairs siku chache kabla. Bodson alimpiga risasi, na mfalme akafa papo hapo. Mtu wa upande wa M'siri akampiga risasi Bodson, naye hakupona.

Kichwa cha mfalme kilikatwa na kutundikwa mtini ili watu waone kwamba amekufa. Hapo ndipo hadithi zinapoanza. Masimulizi ya Katanga yanasema kichwa hicho kilichukuliwa kupelekwa Ulaya na kwamba kila aliyekibeba alipatwa na balaa. Stairs mwenyewe alikufa kwa malaria huko Chinde, Msumbiji, Juni 1892, kabla ya kufika kwao. Askari na wapagazi wengi wa msafara walikufa kwa njaa na maradhi Bunkeya.

Urithi

Mwanawe, Mukanda Bantu, aliikubali bendera ya Leopold na kuwasaidia watawala wapya kuwapiga Basanga. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière, na mwaka 1931 reli kutoka Tenke ikaunganishwa na ile ya Angola, ikielekea magharibi kama misafara ya M'siri. Tangu 2016, mwenye hisa nyingi katika mgodi wa Tenke Fungurume ni kampuni ya China, CMOC.

Cheo cha Mwami Mwenda M'siri bado kinarithiwa Bunkeya. Mmoja wa waliokishika ni Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, mzozo ambao nao ulihusu nani anufaike na shaba.