Walther Nernst: Aliuza taa kwa milioni, akaacha kauri ya haidrojeni

Mfanyabiashara anayevusha mifuko ya urea Namanga au Mutukula amebeba haidrojeni, pengine bila kujua. Mbolea hiyo hutokana na amonia, na amonia ni naitrojeni ya hewani iliyounganishwa na haidrojeni. Hadi leo viwanda vingi huitoa haidrojeni kwenye gesi asilia. Ndiyo maana gesi ilipopanda bei Ulaya mwaka 2022, mkulima wa Mbeya naye aliumia.

Wapo sasa wanaotaka kuitoa haidrojeni kwenye mvuke wa maji kwa kutumia umeme, ndani ya seli za kauri zenye joto la nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi. Kauri hiyo asili yake ni taa, na aliyeitengeneza taa hiyo alijua kuuza.

Walther Nernst alizaliwa Juni 25, 1864, huko Briesen, Prusia Magharibi, mji ambao leo uko Poland na huitwa Wąbrzeźno. Alisoma Zürich, Berlin, Graz na Würzburg, kisha akaenda Leipzig kufanya kazi na Wilhelm Ostwald. Mwaka 1889, akiwa na miaka 25 tu, alitoa kanuni inayounganisha volti ya betri na wingi wa kemikali zilizomo ndani yake. Kanuni hiyo bado hufundishwa kila chuo.

Lakini kwa msomaji wa gazeti hili, mwaka wa kukumbuka ni 1897. Nernst, wakati huo profesa Göttingen, aliona kwamba zirkonia ikichanganywa na itria kidogo, huzuia umeme ikiwa baridi na kuupitisha ikiwa moto. Alitengeneza kijiti cha kauri hiyo, akakipasha moto, akapitisha umeme. Kikang'aa kuliko balbu za waya wa kaboni za siku hizo, tena bila kuhitaji kioo kilichotolewa hewa. Kasoro yake ilikuwa moja: haikuwaka mpaka ipashwe kwanza. Mwenye taa za mwanzo alilazimika kuiwashia kiberiti.

Hataza yake aliiuzia kampuni ya AEG kwa marki milioni moja. Alitaka malipo ya mkupuo, si asilimia ya mauzo. Husimuliwa kwamba alipokutana na Thomas Edison, Mmarekani huyo akawabeza maprofesa kuwa hawajui biashara; Nernst akamjibu kwa kumtajia bei ya taa yake. Kweli au chumvi, hesabu ilimwendea vizuri. Miaka michache baadaye balbu za waya wa tungsteni ziliifuta taa yake sokoni, na hasara haikuwa yake. Yeye alikuwa na magari, mapenzi yake makubwa, na mwaka 1905 alipohamia Chuo Kikuu cha Berlin alikwenda akiendesha mwenyewe.

Kwenye amonia alikosea, na hapa ndipo maisha yake yanapofundisha kuliko kwenye milioni. Mwaka 1907, katika mkutano wa wanakemia mjini Hamburg, alimsahihisha Fritz Haber hadharani: amonia inayopatikana ni kidogo mno, haifai kwa kiwanda. Kwa takwimu Nernst ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Haber, aliyeumizwa na aibu ile, alirudi maabara, akaongeza shinikizo hadi takriban mara 200 ya lile la hewa, na mwaka 1909 akaionyesha BASF mtambo unaofanya kazi. Kiwanda kikaanza Oppau mwaka 1913. Nernst alikuwa na vifaa vya shinikizo na ujuzi, lakini aliitazama faida ndogo akageuka.

Vita vya 1914 vilimkuta na miaka 50. Alijitolea kuwa dereva wa jeshi kwa gari lake. Wanawe wote wawili wa kiume walikufa vitani. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 1920, kwa kazi yake juu ya joto, ilikuja nyumba ikiwa na pengo hilo. Wanazi walipotawala, mabinti zake wawili walioolewa na Wayahudi waliihama Ujerumani. Yeye alistaafu mwaka 1933, akaishi shambani kwake Zibelle, na huko akafariki Novemba 18, 1941.

Miaka minne kabla ya kifo chake, Emil Baur na Hans Preis wa Zürich walitengeneza seli ya mafuta kwa kauri ileile. Seli ya namna hiyo hutoa umeme kutoka haidrojeni; ukigeuza mkondo, umeme hutoa haidrojeni. Ioni za oksijeni hupenya kauri, haidrojeni hubaki upande wa mvuke. Sunfire ya Dresden na Topsoe ya Denmark hutengeneza seli hizi. Faida ni kwamba joto hufanya sehemu ya kazi: kilo moja ya haidrojeni huhitaji umeme wa karibu kilowati-saa 40 iwapo mvuke upo tayari, wakati mitambo ya maji baridi hula 50 au zaidi. Kasoro ya kiberiti haijaisha. Kauri hiyo bado haifanyi kazi ikiwa baridi, na kuipasha na kuipoza mara kwa mara huipasua.

Mvuke Olkaria upo, ingawa haufiki nyuzi 700. Mkakati wa haidrojeni ambao Kenya iliuzindua Septemba 2023 umeweka mbolea mbele.