Wissmann, Sanamu Yake na Meli ya Mkewe



Juzi hapa Musoma, mwaloni, tulibishana juu ya majina ya meli. Kijana mmoja alidai kwamba magavana wa kikoloni walitukuzwa wao tu. Nikamjibu kuwa hata wake zao walitukuzwa, nikamtajia meli ya Hedwig von Wissmann iliyokuwa Ziwa Tanganyika. Mwenzake akadakia kwamba mume wa mama huyo alistahili heshima kwa sababu alipiga vita utumwa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Hermann von Wissmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1853. Kati ya 1880 na 1882 alivuka Afrika kutoka Luanda hadi Saadani, akapata sifa kubwa kwao. Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Kongo. Mwaka 1888 watu wa pwani, Abushiri bin Salim akiwa mbele, waliinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani iliyokuja kutwaa miji yao na ushuru wake. Serikali ya Berlin ikamtuma Wissmann, na neno lililotangulizwa lilikuwa kukomesha utumwa.

Sikatai, Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa na watumwa. Lakini tutazame matendo. Wissmann alikuja na askari wa kukodi kutoka Sudan na Msumbiji. Mei 1889 akaivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa Pangani. Nchi ikawa ya Mjerumani. Na utumwa je? Wajerumani walitawala mpaka wakashindwa vitani bila kuufuta. Ulipigwa marufuku mwaka 1922, wakati wa Waingereza. Huyo ndiye mpiga vita utumwa wa kijana wetu!

Hedwig, binti wa tajiri wa sukari wa Cologne, aliolewa naye mwaka 1894. Mwaka uliofuata mumewe akawa gavana, lakini ugavana haukufika mbali. 1896 alikwisha ondoka. Alikufa mwaka 1905 huko Austria, kwa risasi ya bunduki akiwa mawindoni.

Kumbukumbu zao zikafuata. Ziwa Nyasa lilikuwa na meli ya mume, Tanganyika ya mke. Dar es Salaam ilisimamishwa sanamu mwaka 1909: Wissmann juu, na chini yake askari mweusi akimwangalia bwana wake. Askari huyo hakupewa jina.

Meli ya mama ilizamishwa na Waingereza Februari 1916. Sanamu ilichukuliwa London, kisha mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa Kijerumani wenyewe waliiangusha mwaka 1968, wala haikurudishwa tena mahali pake.

Ziwa Tanganyika kulikuwa pia na meli ya gavana Götzen, yule wa wakati wa Maji Maji. Iliibuliwa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Nawaomba walimu wetu, wanapoisimulia Liemba, wawatajie watoto na jina lake la kwanza, na aliyeitwa hivyo alitenda nini.

Msomaji wako,
Iringo, Musoma.