ALAN TURING, MVUNJA SIRI ALIYECHUNGUZA MADOA NA MILIA YA WANYAMA

Usiku usio na mbalamwezi, mtu asimamaye ufukoni pa Kashikishi, wilayani Nchelenge, huona taa nyingi zikielea juu ya Ziwa Mweru kana kwamba mji mzima umehamia majini. Hao ni wavuvi wa chisense, vidagaa vya ziwa hilo vivutwavyo na mwanga. Kundi la vidagaa hugeuka kulia na kushoto kwa pamoja mithili ya kikosi kwenye gwaride, lakini hapana sajini atoaye amri. Kunapokucha samaki hufikishwa sokoni, na miongoni mwao huonekana wenye mistari na wenye madoa, na hapo tena hatumwoni fundi aliyewachora. Utaratibu usio na kamanda hutoka wapi? Katika miaka ya mwisho ya uhai wake mchache, swali hilo lilimshughulisha mtu ambaye askari wengi humjua kwa sababu ya vita tu: Alan Turing.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni, 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko India, na kwa hiyo mtoto aliachwa Uingereza alelewe nyumbani kwa kanali mstaafu. Mwaka 1926, siku alizotakiwa kuanza shule mpya ya bweni, wafanyakazi wa nchi nzima waligoma na treni zikasimama. Kijana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli akaenda karibu kilomita 100 mpaka shuleni. Hata ukubwani alipenda mbio ndefu, na mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 46, muda ambao hata leo ungemfurahisha mwalimu wa michezo wa jeshi lolote.

Mwaka 1936, akiwa Cambridge, aliandika makala iliyozaa elimu ya kompyuta. Alibuni, kwa fikra tu, mtambo mfano wa karani mtiifu: husoma alama moja katika utepe, hutazama daftari lake la amri, huandika au hufuta, kisha husogea hatua moja. Alitoa hoja ya kuwa karani huyo anaweza kukokotoa kila kinachokokotoleka kwa kanuni, na akathibitisha kwamba yako maswali ambayo hatayamaliza kamwe.

Vita vilipozuka, tarehe 4 Septemba, 1939 aliripoti Bletchley Park, kituo cha kuvunja maandishi ya siri ya adui. Haki itendeke: Wapolandi, wakiongozwa na Marian Rejewski, ndio waliotangulia kuvunja Enigma, mtambo wa Wajerumani wa kuficha habari, tangu mwaka 1932. Turing alibuni mtambo mpya wa kuutafutia funguo zake, akasimamia kazi ya kuzisoma simu za manowari na nyambizi zilizokuwa zikizamisha meli katika Atlantiki. Mwezi Oktoba 1941, makarani walipopungua mno na maombi yakakwama kwa wakubwa, yeye na wenzake watatu walimwandikia Waziri Mkuu Churchill moja kwa moja. Sisi tunajua mrukaji ngazi huwa na mashaka gani kazini. Lakini Churchill hakuwaadhibu. Aliagiza wapewe kila walichohitaji bila kuchelewa.

Kazi hiyo ilikuwa na tawi katika pwani yetu. Mwaka 1942, Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege, wavunja siri wa Kiingereza waliokuwa huko walihamishiwa Kilindini, Mombasa, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram. Turing hakufika huko. Lakini ni hapo hapo, kwa msaada wa makosa ya Wajapani wenyewe, uliposomwa msimbo wa meli zao za biashara. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa thamani yake. Mwezi Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikichukua askari wa mizinga wa Afrika Mashariki kuelekea vitani Asia, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na watu zaidi ya 1,200 wakaangamia.

Baada ya vita Turing alichora mpango wa kompyuta kamili katika Maabara ya Taifa ya Fizikia. Mwaka 1948 akaandika ripoti ya ajabu. Alipendekeza mitambo isiyopangwa, yenye viungo vidogo vingi vilivyounganishwa ovyo, kama alivyoufikiria ubongo wa mtoto mchanga, ambayo ingefundishwa kwa tuzo na adhabu, mfano wa kuruta, hata viungo vyake vijipange vyenyewe. Mkubwa wake, Sir Charles Darwin, mjukuu wa mwanasayansi wa jina hilo, aliidharau kama kazi ya mwanafunzi. Ikakaa kabatini mpaka mwaka 1968, hali mwandishi wake amekwisha kuzikwa. Leo mitandao ya aina hiyo hutambua sauti na sura za watu.

Mwaka 1952, akiwa Manchester, akageukia viumbe wenyewe. Makala yake ya mwaka huo huelezea jinsi kemikali mbili zinavyoweza kuchora madoa na milia katika mwili uliokuwa sawa pande zote. Na tufikiri nyika kavu wakati wa kiangazi. Moto unawaka hapa na pale kwa bahati tu; kila moto unawaamsha watu, nao hukimbia kuupita na kufyeka nyasi mbele yake. Moto ungekuwa mwepesi kuliko watu, nyika yote ingeteketea. Kwa kuwa watu ndio wepesi, hubaki mabaka meusi yaliyotengana kwa nafasi zinazokaribia kulingana, ijapokuwa hapana chifu aliyeyapima. Kemikali moja ni moto, nyingine ni wafyekaji. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Kondo na Asai, walionyesha ya kuwa milia ya samaki mmoja wa baharini husogea na kugawanyika sawasawa na hesabu za namna hiyo.

Mwaka huo huo wa 1952 alishitakiwa kwa uhusiano na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai katika Uingereza. Alitiwa hatiani, akachagua matibabu ya homoni badala ya kifungo, na kibali chake cha kazi za siri kikaondolewa. Utumishi wake wa vita ulikuwa bado siri, basi haukuweza kutajwa hadharani kumtetea. Tarehe 7 Juni, 1954 alikufa kwa sumu ya sayanaidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua ya kuwa alijiua. Habari za Bletchley Park zilianza kusimuliwa kwa mapana mwaka 1974. Serikali ya Uingereza ilimwomba radhi mwaka 2009, Malkia akamsamehe mwaka 2013, na tangu mwaka 2021 sura yake imo katika noti ya pauni 50. Hesabu zake za mpangilio wa mbegu za alizeti, alizokuwa akizifanya kwa kompyuta ya Manchester, alizikatiza njiani.