Ibn Zuhr na Mbuzi wa Ishbilia



Ndugu msomaji, ukipita Jabe baada ya Magharibi utakuta moshi wa mishikaki ya mbuzi umetanda barabarani. Mbuzi kwetu ni mishikaki, ni akika, ni Idi ya kuchinja. Leo nataka kukusimulia habari za mbuzi mwingine, aliyeishi Andalusia karibu miaka 900 iliyopita. Huyo hakuchinjwa wala kuliwa. Alipasuliwa koo na kijana mwanafunzi, kisha kijana huyohuyo akakaa naye, akamwosha kidonda siku baada ya siku mpaka akapona. Kijana huyo ni Abu Marwan Abdul-Malik ibn Zuhr, Mwenyezi Mungu amrehemu, mmoja wa matabibu wakubwa waliopata kutokea katika umma wetu. Wazungu walimwita Avenzoar.

Nina sababu ya kumchagua. Mwaka wangu wa kwanza wa staji nilikabidhiwa mzee mmoja nimwekee maji ya mshipa. Nilikuwa nimesoma kurasa zote za mishipa na nimefaulu mtihani wake, lakini mkono wangu ulikuwa haujawahi kushika ile sindano. Nilimchoma mara tatu. Mara ya tatu mkono ulivimba, na muuguzi mkubwa akanipokonya kazi. Mzee hakulalamika. Aliniita mwanangu, akageuza uso ukutani. Tangu siku ile najiuliza ni nani aliyesema kwamba makosa ya mwanafunzi lazima yalipwe na mwili wa mgonjwa. Ibn Zuhr alijiuliza swali la namna hiyo akiwa na umri kama wetu.

Nyumba ya matabibu

Ibn Zuhr alizaliwa Ishbilia, mji unaoitwa leo Seville nchini Hispania, mwanzoni mwa miaka ya 1090. Ukoo wa Banu Zuhr ulikuwa ukoo wa elimu. Babu yake alikuwa tabibu, na baba yake, Abul-Ala Zuhr, alikuwa tabibu mashuhuri wa watawala wa Murabitun. Katika nyumba ile watoto walikua wakisikia majina ya dawa kama sisi tulivyokua tukisikia bei za sokoni. Abdul-Malik alisoma dini, lugha na fasihi kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kisha baba yake akaanza kumfundisha tiba. Alimpitisha katika vitabu vya Buqrat na Jalinus, na inasimuliwa kwamba alimlisha kiapo cha matabibu angali mdogo.

Elimu ya zama zile ilikuwa na ugonjwa ambao hata leo haujatutoka. Tabibu wa heshima alisoma, alijadili na kuagiza. Kazi za mkono, kama kuumika, kuchoma kwa moto na kupasua, aliwaachia wasaidizi. Ibn Zuhr mwenyewe hakuepukana kabisa na desturi hiyo, na alipokuwa mkubwa alizihesabu baadhi ya kazi za upasuaji kuwa hazimfai tabibu wa cheo chake. Lakini tangu ujana alikuwa na mapenzi ya kuchanganya dawa kwa mikono yake na kuona kwa macho yake. Mapenzi hayo ndiyo yaliyompeleka kwa mbuzi.

Koo la mbuzi

Katika vitabu alivyosoma palikuwa na ubishi. Mgonjwa akivimba koo mpaka hewa haipiti, je, inajuzu kumtoboa bomba la pumzi ili apumue kwa tundu hilo? Baadhi ya watu wa kale walisema inawezekana. Wengine walikataa kwa hoja kwamba bomba hilo ni gegedu, na gegedu likikatwa haliungi. Karne moja kabla yake, Abul-Qasim az-Zahrawi wa Qurtuba aliandika kwamba katika nchi yake hakumjua mtu aliyewahi kufanya upasuaji huo. Alichowahi kukiona ni mjakazi aliyejikata koo kwa kisu. Az-Zahrawi akamshona, naye akapona, akabaki na sauti ya kukwaruza tu. Kwa hiyo hata az-Zahrawi alijua jambo hili kwa sababu ya msiba uliomfika mtu.

Ibn Zuhr hakusubiri msiba. Alipokutana na ubishi ule katika masomo yake alichukua mbuzi. Alikata ngozi ya koo, akakata utando ulio chini yake, kisha akalitoboa bomba la pumzi tundu dogo lisilofikia punje ya tirmis, yaani karibu na punje ya hindi. Halafu akaanza kazi ambayo wengi huisahau wanapoisimulia habari hii: kuuguza. Alikiosha kidonda kwa maji na asali, akarudia, akarudia tena, mpaka kikafunga. Mbuzi akapona kabisa, akaishi muda mrefu.

Hapo kijana akapata mambo mawili. Kwanza, ubishi wa vitabu ulipata jibu: kidonda cha bomba la pumzi kinaweza kupona. Pili, vidole vyake vilijua sasa ngozi inaishia wapi na bomba linaanzia wapi. Jambo hilo la pili halimo katika kitabu chochote, wala huwezi kulipata kwa kusikiliza.

Enzi, jela na zabibu

Mwaka 1121 aliandika kitabu chake cha mwanzo, al-Iqtisad, kwa ajili ya mwana wa mfalme wa Murabitun. Lakini mlango wa watawala una pande mbili. Baadaye aligombana na amiri Ali ibn Yusuf ibn Tashfin, na yapata mwaka 1140 akatiwa jela Marrakesh. Hakuisahau dhuluma ile.

Mwaka 1147 Muwahhidun waliwashinda Murabitun, na Ibn Zuhr akawa tabibu wa khalifa Abdul-Mu'min. Kuna kisa maarufu kati yao. Khalifa alihitaji dawa ya kuharisha lakini alichukia mno kuinywa. Ibn Zuhr akamwagilia mzabibu maji yaliyolowekwa dawa hiyo, zabibu zikaivyonza, kisha akamletea khalifa kichala. Khalifa alipofika zabibu ya kumi akamzuia, akamweleza kwamba zimetosha na kwamba atakwenda choo mara kumi. Ikawa hivyo. Mcheke khalifa ukitaka, lakini mwangalie na tabibu. Alifikiria namna ya kumfikishia mgonjwa dawa bila kumtesa.

Rafiki yake mdogo alikuwa Ibn Rushd, mwanafalsafa na kadhi wa Qurtuba. Ibn Rushd aliandika al-Kulliyyat, kitabu cha misingi ya jumla ya tiba, na anayetaka matibabu ya ugonjwa mmoja mmoja akamwelekeza kwenye kitabu cha Ibn Zuhr, at-Taysir. Jina hilo maana yake ni kurahisisha. Humo ndimo habari ya mbuzi ilimohifadhiwa, pamoja na maelezo ya magonjwa mengi aliyoyaona mwenyewe, kama majipu ya kifuani na uvimbe wa ngozi inayouzunguka moyo. Kitabu kilifasiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, kikachapishwa Venice mwaka 1490, na Wazungu wakakisoma kwa karne kadhaa.

Dada zetu wa uuguzi na ukunga wasimalize kusoma bila kujua hili: elimu ya nyumba ile haikuishia kwa wanaume. Binti wa Ibn Zuhr na mjukuu wake wa kike walikuwa wajuzi wa tiba, hasa ya wanawake. Waliwahudumia wanawake wa nyumba ya khalifa al-Mansur, na khalifa hakutaka mkunga mwingine azalishe katika ahali yake.

Ibn Zuhr alifariki Ishbilia mwaka 1162, sawa na mwaka 557 Hijria, kwa uvimbe mbaya. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akijitibu, mwanawe Abu Bakr, naye tabibu, alimshauri abadilishe dawa. Mzee akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu akiwa ameshapitisha jambo lake, hata dawa atakayowezeshwa kuitumia itakuwa ileile isiyozuia. Alitumia dawa mpaka mwisho, na akijua mpaka wa dawa.

Kutoka mbuzi hadi manekeni

Wazo la kukosea mahali ambapo hafi mtu liliendelea kukua. Ufaransa, mwaka 1759, mfalme alimpa mkunga aitwaye Madame du Coudray ruhusa ya kuzunguka nchi akifundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Alibeba manekeni aliyoitengeneza kwa kitambaa na ngozi, yenye nyonga na mtoto ndani, na wanafunzi wakafanyia mazoezi hapo kabla ya kumgusa mzazi. Moja ya manekeni hizo ingali makumbusho ya Rouen. Mwaka 1960 mtengeneza vinyago wa Norway, Asmund Laerdal, alitoa mdoli wa kufundishia kumpulizia pumzi mtu aliyezimia. Siku hizi wapo midoli wa kila namna, na mbuzi wamepumzishwa. Hilo nalo ni jema, kwa kuwa dini yetu inatukataza kumtesa mnyama bila haja.

Usidhani mambo haya ni ya mbali. Jirani zetu Tanzania walianza mwaka 2009 kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mdoli mdogo na mfuko wa kupulizia hewa. Katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, vifo vya watoto katika siku ya kwanza ya maisha vilipungua kwa karibu nusu. Lakini hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa somo la ziada. Wauguzi walifundishwa siku moja, wakafaulu vizuri mbele ya mdoli, lakini huko chumba cha kuzalia kazi yao haikubadilika. Ilibadilika pale mazoezi yalipokuwa mafupi na ya mara kwa mara, dakika chache tu, palepale kazini. Ndipo vifo vilipopungua.

Aliyehifadhi Qur'ani hatashangaa. Juzuu uliyoisoma mara moja ukafaulu, usipoirudia itakukimbia. Ustadhi hamsimamishi kijana kuswalisha tarawehe kabla hajamsomea yeye kwanza, peke yao, mahali ambapo akikosea anarudishwa bila aibu. Na katika darasa la mazishi, mmoja wetu hulala chini akawa maiti, wenzake wakajifunza kukafini, ili siku ya msiba mikono isitetemeke mbele ya wafiwa. Basi kwa maiti tunafanya mazoezi. Aliye hai tunamwendea mikono mitupu?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa ni mjuzi atawajibika kwa madhara anayoleta. Mwanafunzi anayesimamiwa si kama huyo, lakini mafunzo hayo yanamgusa. Mwili wa mgonjwa ni amana, nasi tunauomba tukiwa bado hatujui.

Ni kweli, si kila shule ya Bujumbura ina chumba cha manekeni, na zenye nacho wakati mwingine mlango umefungwa na ufunguo haujulikani uko kwa nani. Tuombe ufunguo. Tuombe kwa adabu, kwa barua, kupitia wawakilishi wetu, na tuombe walimu watuangalie tunapofanya, kwa sababu kukosea bila kusahihishwa ni kulizoea kosa. Pasipo manekeni, chungwa linafundisha pembe ya sindano, shina la mgomba linafundisha kushona, na mwenzako atakukopesha mkono wa kupimia presha. Nusu saa kila Jumamosi baada ya Adhuhuri inatosha kwa kuanzia.

Tusisahau vilevile kisichofundishwa na mdoli. Mdoli haoni haya, haogopi, hageuzi uso ukutani. Adabu ya kumfunika mgonjwa, kumtolea salamu na kumwomba idhini kabla ya kumgusa, tuizoee tangu hapohapo mbele ya plastiki, ili siku ya mtu iwe imeshakuwa tabia.

Mzee wangu wa staji sikuwahi kumwona tena. Nilipojifunza vizuri ile kazi, nilijifunza kwa mkono wa plastiki, jioni, baada ya wenzangu kwenda nyumbani. Nilichoma mara nyingi kuliko nilizohesabu. Ningefanya hivyo wiki moja mapema, mzee yule asingegeuza uso.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Zuhr, aziponye mikono yetu na kutojua, na awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.